Maua Mekundu Aliyowekesha Mbuke

Mara ya kwanza kukutana na Mbuke nilikuwa na pesa kwenye mkoba na nia ya kumwachia mashimo matupu.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mtaa wa Soweto, kule Mbeya. Mvua ilikuwa imeshapiga mara mbili tatu. Nilikuwa natoka kwa fundi wangu wa madirisha, nikakatisha uchochoroni, na mbele yangu ikatokea nyumba ya kupanga ya kawaida kabisa: bati limeshika kutu, ukuta haujapigwa plasta. Lakini chini ya huo ukuta, kwenye kipande cha ardhi upana wa hatua moja kati ya msingi na mtaro, maua mekundu yalikuwa yamesimama mstari mzima kama bendi ya tarumbeta. Bua nene, halina jani, na juu yake maua manne yametazama pande nne. Yana jina la kizungu ambalo sijawahi kulishika. Mizizi yake ni tunguu, kama kitunguu maji kikubwa, linalolala kiangazi chote na kuamka mvua ikinusa.

Nilianza biashara na viatu vya mitumba soko la Mwanjelwa, Mbeya hiyo hiyo, nimekaa chini kwenye turubai. Leo nina nyumba ya wageni Iringa, vyumba vinane. Mgeni akishuka stendi ya Iringa ana nyumba ishirini za kuchagua, na zote zina kitanda na maji ya moto. Kinachomfanya asimame kwako badala ya jirani ni kitu kidogo. Nilipoyaona yale maua niliona kitu kidogo changu.

Mwanamke mrefu wa miaka arobaini hivi alikuwa anasugua sufuria kwa majivu.

"Shikamoo, mama," akaniamkia.

"Marahaba. Haya maua unauza?"

"Ya kukata nakukatia sasa hivi. Ya kupanda siuzi."

Nimeuza vitu miaka thelathini, na "siuzi" kwangu ndiyo bei ya kwanza. Nikataja yangu. Akasugua. Nikapandisha. Akageuza sufuria, akasugua upande wa pili.

"Mama, utapandisha mpaka jua lizame," akasema. "Ningekuwa na ng'ombe wa maziwa ungeniambia nikuuzie, au ungeomba maziwa?"

"Hawa si ng'ombe."

"Kwangu ni ng'ombe."

Akanivutia kigoda, na ndipo nilipojua nashughulika na nani. Mbuke ni Msukuma. Alikuja Usangu akiwa mgongoni kwa mama yake, nyuma ya ng'ombe wa baba yake, na huyo mzee hakuwahi kulaza kundi lote boma moja. Ishirini aliwekesha kwa shemeji, kumi na tano kwa jirani Msangu, wengine mbali zaidi. Anayewekeshwa anakamua maziwa yote, anatumia samadi, na katika ndama anapata fungu lake. Mwenye ng'ombe anabaki mwenye ng'ombe. Ugonjwa ulipoingia kwenye boma la mzee ukafagia, wakabaki wale wa kwa watu. Ukame ukaja kumalizia na hao, Mbuke akahamia mjini na mume ambaye sasa yuko Chunya kwenye dhahabu.

"Anakuja lini?" nikauliza.

"Akikumbuka."

Maua aliyapata kwenye nyumba moja alikokuwa anafua nguo. Walikuwa wameng'oa shina wakalitupa jalalani, akaokota matunguu saba. Kila mwaka tunguu kubwa linatoa vitoto ubavuni. Miaka tisa baadaye alikuwa na zaidi ya mia na sitini.

"Na sasa mwenye nyumba anasema mwakani anamwaga zege uani, magari yapate pa kulala," akasema. "Akimwaga sina pa kuwaweka. Wakikosa ardhi misimu miwili, wamekwisha. Kwa hiyo natafuta watu wa kuwekesha. Wewe una ukuta?"

Nilikuwa na kuta mbili, kila upande wa mlango mmoja. Na nilikuwa nimeshasikia alichokuwa nacho yeye: haraka. Masharti yake yalikuwa kwamba katika kila vitoto vitatu, kimoja changu. Nikasema Iringa ni mbali, hatari yote ni yangu, nataka nusu. Tukavutana mpaka sufuria zikaisha. Akanipa nusu, hakufurahi, na mimi sikumwomba afurahi.

Lakini aliweka na masharti ya kwake. Shingo ya tunguu ikae nje ya udongo, usizike. Maua yakishaisha majani yatatoka mengi, marefu, yatalala ovyo; usiyakate, kwa sababu hayo ndiyo yanayolisha tunguu, mpaka yanyauke yenyewe. Na kuanzia mwezi wa sita usimwagilie hata tone.

"Na akifa mmoja," akasema, "unaniletea ngozi."

"Ngozi gani?"

"Tunguu likioza linabaki ganda. Kwetu ng'ombe akifia kwako unaleta ngozi, mwenyewe aione. Bila ngozi, umemla."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mwezi wa nane uliofuata, zege likiwa bado halijamwagwa, nilichukua arobaini kwenye kiroba, yamefutwa udongo moja moja. Hapo ndipo alipoanza kuniita mayu, ambayo kwao ni mama. Njiani kwenda Iringa nilijisifu. Mzigo wa bure, maua yote yangu, nusu ya vitoto yangu, na mwenye mali yuko Mbeya. Nani atakuja kuhesabu kitu kilichofukiwa?

Iringa nina msimamizi, Liberatus, Mhehe aliyelelewa kwenye viwanja vya parokia. Usafi wake ni ugonjwa. Kila Jumamosi anapaka chokaa matofali yanayozunguka matuta yangu mawili ya ukutani, na akimwona mgeni anakanyaga tofali anamwambia "kamwene", salamu ya Kihehe, kwa sauti ya kumfukuza. Alipoona shingo za matunguu ziko nje alinifuata ndani.

"Bosi, umesahau kuyamalizia kufukia."

"Yaache hivyo."

"Yanaonekana kama yanachungulia."

Mwezi wa kumi na moja yakasimama. Wageni walishuka kwenye bajaji na simu mkononi, wakapiga picha kabla ya kuuliza bei ya chumba. Na siku moja akasimama getini Sista Faustina, mkuu wa hosteli ya wanafunzi wa kike inayojengwa ng'ambo ya barabara.

"Mama, haya maua ni ya nani?"

"Yangu, Sista."

Nimeshasema uongo mwingi kwenye biashara, na mwingi haukunigharimu. Huu ulinigharimu. Sista akaeleza kwamba hosteli ina njia ndefu kutoka getini hadi kanisani kwao, na kandokando kuna vituta vyembamba, vitupu. Mwakani mwezi wa kumi na moja wana jubilei, anataka vijae maua haya haya. Atakayevijaza ndiye atapewa kazi ya bustani, na eneo la nyuma ya jiko alime atakacho, kwa maandishi, maadamu anatunza.

"Mia na hamsini yatatosha," nikasema. "Nitakuletea."

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Arobaini yatazaa, mengine nitamnyofolea Mbuke kidogo kidogo, kazi nitampa Liberatus, eneo nitapanda viazi.

Halafu majani yakatoka. Mbuke hakudanganya: yalilala juu ya matofali meupe, yakapinda, yakafunika njia. Liberatus alikuwa anayapita kama mtu anayepita ajali. Kwanza aliyasuka mafungu mafungu kama nywele za mtoto wa shule. Krismasi ilipokaribia, watu wa harusi wakiwa wamechukua vyumba vyote vinane, akaja tena.

"Bosi, mlangoni pamekuwa kama mtu amemwaga mzigo wa vitunguu."

"Kata," nikasema.

Sharti nilikuwa nalijua. Nilisema kata. Kisha matuta yakabaki uchi, tukapanda vimaua vya njano juu yake, na Liberatus akavimwagilia kila asubuhi kiangazi kizima, mwezi wa sita, wa saba, bila kukosa. Nalo nililiona.

Mwezi wa nane tukafukua. Arobaini yalikuwa yamebaki thelathini na moja, yamesinyaa kama ndimu. Vitoto vilikuwa sita, kila kimoja kama punje ya njugu. Yaliyooza tukatupa, yaliyobaki tukayarudisha tutani. Tunguu lililokatwa majani linakula mwili wake lenyewe, na linalolala kwenye maji linaoza. Jioni hiyo hiyo Sista akanitumia ujumbe: "Mama, yale mia na hamsini lini?"

Nikapanda basi kwenda Mbeya.

Pale Soweto palikuwa na zege, na juu ya zege gari la mtu. Mbuke nilielekezwa Mwanjelwa, chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga. Alikuwa amewekesha kwa watu watatu wanne tu. Wengine wote walitaka kununua au walikuwa na mbuzi. Yaliyobaki, mia na ishirini na tano, yalikuwa kwenye viroba chini ya kitanda chake.

"Nimepewa ardhi mara mbili," akasema. "Wa kwanza akasema msimu mmoja. Wa pili akasema mpaka apate mpangaji. Mvua ikija yatachipua humu humu chini ya kitanda, mayu, na mwakani sina kitu."

Nikamwambia nayachukua yote, ataje bei. Alinitazama.

"Kwanza nikaone walioko kwako."

"Wako salama."

"Basi safari itakuwa nzuri."

Asubuhi akaingia basi moja na mimi, amebeba kijiti cha kuchimbia. Pale mlangoni pangu alipiga goti kwenye matofali meupe ya Liberatus, akachokonoa tunguu moja, akalipima kiganjani, akalirudisha. Akachokonoa la pili. Akaendelea hivyo mpaka mwisho wa tuta la pili.

"Umewakata."

"Kidogo."

"Na maji umewapa."

"Ni huyu Liberatus."

"Ni bosi," akasema Liberatus.

"Thelathini na moja," akasema Mbuke. "Tisa wako wapi? Naomba ngozi."

Liberatus akanitazama mimi. Nikamwambia ndiyo, anataka maganda. Mtu msafi kama yule, nyumba nzima haina ganda la ndizi, akaelekea shimo la taka na jembe. Mbuke alisimama ukingoni akimwelekeza kama anaelekeza mkamuaji asiyejua ng'ombe: hapo, hapo chini, usiponde. Wageni wawili wakatoka vyumbani kuja kuangalia. Baada ya nusu saa maganda saba yalikuwa yamepangwa juu ya tofali.

"Saba," akasema Mbuke. "Wawili mmekula."

Liberatus akajifuta uso kwa kiwiko. "Hatujala, mama. Wako kwangu."

Ikawa hivi: siku tulipopanda, mwaka uliotangulia, alichomoa mawili akampelekea mke wake, Matilda. Nilitaka kumfukuza kazi pale pale, lakini Mbuke alikuwa ameshabeba kijiti chake. "Twende nikawaone."

Matilda anakaa Kihesa, hapa hapa mjini Iringa. Ukutani kwa jiko lake kuna kituta chembamba kuliko changu, mbele kuna mstari wa mchicha. Matunguu alikuwa ameyapanda nyuma ya mchicha, akayasahau. Majani yalipolala yalilala nyuma ya mchicha, hakuna aliyeyaona, hakuna aliyeyakata, yakanyauka yenyewe. Mchicha ulipokwisha mwezi wa tano, na maji yakakoma. Mbuke akachimba pembeni kwa vidole. Wawili walikuwa wamekuwa kumi na mmoja, mawili makubwa kama ngumi ya mwanaume, tisa yamewang'ang'ania ubavuni.

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye udongo.

"Mayu! Mwizi wangu ndiye mfugaji wangu! Na wewe mwenye mkataba umewakondesha!"

"Mimi si mwizi," akasema Liberatus, ambaye sasa alikuwa ameshaaibika na hakutaka kuaibika peke yake. "Kama ni kusema, basi na bosi aseme alivyomwambia Sista."

"Sista gani?" akauliza Mbuke.

Hapo ningeweza kujizungusha. Lakini Liberatus alikuwa amesimama pale Sista alipozungumza, kila neno alilisikia, na mtu aliyetoka kufukua shimo la taka hana cha kupoteza. Nikaeleza yote. Matilda akaleta chai, akabaki kusikiliza.

Mbuke hakupandisha sauti. Aliuliza jambo moja tu.

"Hilo eneo la nyuma ya jiko, linaweza kumwagwa zege?"

"Atakupa maandishi kuwa haliguswi."

Akanywa chai. Nikaona niwahi. "Sista ananijua mimi," nikamwambia. "Bila mimi geti lile hulifungui. Tugawane eneo nusu kwa nusu."

"Bila mimi," akasema, "unampelekea Sista ndimu thelathini na moja."

"Theluthi, basi."

"Una mikono ya kulima wewe? Nionyeshe."

Sikumwonyesha. Jua lilikuwa limeshahama ukuta tulipomaliza, na hiki ndicho tulichokubaliana. Eneo na kazi ni vyake vyote. Thelathini na moja yanabaki kwangu, lakini fungu langu la vitoto linarudi kimoja katika vitatu. Vile vitoto sita ni vyake, faini ya ngozi saba. Mzigo wa Mbeya nausafirisha mimi, kwa sababu madereva wa malori nawajua. Naye kwa upande wake, msimu wa maua ananiletea mapokezini mabua mawili kila Ijumaa. Yale kumi na moja ya Matilda yanabaki kwa Matilda, na yeye ndiye anapewa nusu ya vitoto.

"Nusu!" nikasema.

"Anajua kufuga," akasema Mbuke. "Na Sista utamwambia wewe, kwa mdomo wako, maua ni ya nani."

Hilo la mwisho nilijaribu kulinunua lisiwepo. Halikununulika.

Kesho yake tulikaa ofisini kwa Sista Faustina. Nikasema maua si yangu, ni ya huyu mwenzangu, mimi nimewekeshwa tu.

"Nilikuwa najiuliza, mama," akasema Sista. "Siku ile nilitazama kucha zako."

Kisha akampeleka Mbuke njiani. Nilitegemea Mbuke atasifu kila kitu, maana ardhi anayoitaka iko hatua mia kutoka pale. Badala yake alifika kwenye kituta kizuri kuliko vyote, kilicho chini ya tangi la maji, akatia kidole kwenye udongo.

"Hapa sipandi. Tangi linavuja, wataoza."

"Lakini hapa ndipo Baba Askofu atakapopita," akasema Sista.

"Apite. Tutamwekea mchicha." Akajikohoza. "Na mia na hamsini sina, Sista. Nina mia na ishirini na tano, na katika hao wengine ni mitamba, hawajafikia kuzaa. Jubilei utapata maua sabini. Mwakani mia."

Nimefundisha watu wengi kuuza, na ningekuwa karibu ningemkanyaga mguu. Sista akatazama kituta, akatazama kidole cha Mbuke chenye tope.

"Walionijia kabla yako wote waliniahidi mia na hamsini," akasema. Mimi nikatazama tangi. "Utaanza lini?"

Alianza Jumatatu. Mzigo niliuleta na lori la mbao, viroba vimekaa mbele na dereva ili visipondwe. Siku ya jubilei yalisimama sabini na nne, na Baba Askofu alipofika kwenye mchicha wala hakugeuza shingo.

Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Mbuke ana karatasi yenye mhuri na eneo la hatua ishirini kwa thelathini, ambalo hakuna gari litalala juu yake. Lakini alipoteza. Mmoja wa aliowawekesha Mbeya aliuza yote kumi na nane akabadilisha namba ya simu, na kutoka Iringa hana jinsi ya kumfuata. Mume wake alikumbuka akaja, akakuta chumba cha Mwanjelwa kina mpangaji mwingine. Hiyo sijui niiandike upande gani, mwenyewe hajalalamika.

Mimi nilipoteza nusu yangu, viazi vyangu, na jina langu kidogo mbele ya Sista. Nilipata matuta mawili ambayo sasa najua kuyaendesha. Tumepanda mchicha mbele, majani yanalala nyuma yake, na Liberatus amekatazwa mkasi na ndoo kwa maandishi. Thelathini na moja yamenenepa. Mwaka huu thelathini yametoa maua, na mgawo wangu wa kwanza ulikuwa vitoto tisa. Matilda alipata ishirini na viwili.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwomba Mbuke aniongezee hamsini kwa ajili ya uzio wangu wa nyuma. Alikuwa amechutama kwenye mstari wake wa kumi na mbili, anatenganisha vitoto na mama zao. Akasema kuna watu saba mbele yangu kwenye orodha, na mmoja wao ni Baba Askofu.